Naomba ushauri: kula peke yangu kwenye migahawa ya meze, Athens

Habarini wakuu. Nipo Athens kikazi hadi mwisho wa mwezi, nimefikia karibu na Psyrri, mtaa uliojaa migahawa ya meze. Shida ni kwamba meze ni visahani vya kuchangia, nami niko peke yangu. Juzi niliagiza vinne nikidhani ni vya kuonja tu: tzatziki (mtindi wenye tango na kitunguu saumu), dolmades (majani ya mzabibu yaliyojazwa wali), jibini la kukaanga na mkono wa pweza wa kuchoma. Kuja kuletwa, meza imejaa! Mkate nao ukaja bila kuuomba, na kwenye bili ukawepo. Pweza alikuwa mtamu, kakolea siki na oregano, ila jibini lilinishinda. Lilipoa likawa gumu kama raba. Mhudumu akauliza mara mbili kama chakula ni kibaya. Aibu niliyoipata!

Mliowahi kuishi Ugiriki, mtu mmoja anaagiza vingapi? Naweza kuomba nusu sahani, ile wanayoita misi merida, bila kuonekana bahili? Na niende saa ngapi? Saa moja jioni nilikuta viti vitupu, wenyewe wakaanza kumiminika saa tatu. Pombe sinywi, kwa hiyo ouzo msinishauri.