MJADALA: Rekodi za Satchel Paige kuingizwa Ligi Kuu ya besiboli, ni haki au ni huruma?

Wakuu, habari za jioni.

Mei 2024 Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani (MLB) iliingiza rasmi kwenye vitabu vyake takwimu za ligi za Weusi, waliokuwa wamezuiwa kucheza ligi kuu, zilizochezwa kati ya 1920 na 1948. Wachezaji zaidi ya 2,300, wengi wao wakiwa makaburini, wakahesabiwa kuwa walicheza ligi kuu. Josh Gibson wa ligi hizo, kwa wastani wa upigaji wa .372 (mipira aliyopiga kwa mafanikio, ukigawa kwa majaribio yake), akamshusha Ty Cobb aliyekuwa kinara wa wapigaji wa muda wote. Na mrushaji Satchel Paige, ambaye vitabu vya MLB vilimpa ushindi 28 tu (kwenye besiboli ushindi wa timu huandikwa kwa jina la mrushaji), akavuka 100.

Mabishano hayajaisha. Wanaopinga wanasema misimu ya ligi zile ilikuwa mifupi, mechi 60 hadi 80, na karatasi nyingi za matokeo zimepotea, hivyo kumpandisha Gibson juu ya Cobb ni kama kumvalisha mfungaji wa ndondo kiatu cha dhahabu cha ligi kuu. Wanaiita huruma. Mimi nasema ni haki, tena imechelewa mno, na shahidi wangu ni Paige.

Alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1906. Utotoni alibeba mizigo ya abiria stesheni, na mwenyewe alieleza kwamba huko ndiko alikopata jina la Satchel, yaani mkoba. Akiwa na miaka 12 alipelekwa shule ya watoto watukutu pale Mount Meigs, na humo ndimo alimofunzwa kurusha. Mwaka 1926 akaanza kulipwa kwa kazi hiyo. Akazunguka: Pittsburgh Crawfords, Jamhuri ya Dominika mwaka 1937, kisha Kansas City Monarchs; Crawfords na Monarchs zilikuwa timu za ligi za Weusi. Mlango wa ligi kuu ulikuwa umefungwa kwa kila mtu wa rangi yake mpaka Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: mrushaji anasimama meta 18 na ushei kutoka kwa mpigaji, na kazi yake ni kumpitishia mpira huyo mpinzani aliyeshika gongo bila mpira kupigwa. Mkono ndio mtaji, na mkono huchakaa. Wengi kufika miaka 40 wameshastaafu. Paige alipopanda kurusha kwa mara ya kwanza ligi kuu, Julai 1948, akiwa na Cleveland, alikuwa na miaka 42.

Mchapishaji wa gazeti kubwa la besiboli la wakati huo aliandika kuwa kumsajili mtu wa umri ule ni kuishushia ligi hadhi. Agosti hiyo hiyo Paige akaenda Chicago, akawazuia wenyeji wasipate hata pointi moja, 5-0. Wiki moja baadaye akawakuta tena, safari hii nyumbani Cleveland, usiku, mbele ya watu 78,382. Wakaondoka mikono mitupu tena, 1-0. Alimaliza msimu na ushindi 6 na kushindwa mara 1, na Cleveland ikabeba ubingwa.

Sasa nauliza: kama huyo ndiye Paige wa miaka 42, yule wa miaka 25 alikuwaje? Yule ndiye aliyekuwa hayumo vitabuni.

Hoja ya misimu mifupi hainiingii akilini. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, MLB yenyewe ilicheza mechi 60. Rekodi zote zikahesabiwa, bingwa akavikwa taji. Mechi 60 za mwaka ule zinatosha, za 1934 hazitoshi? Na hilo la ndondo ni kutojua kilichofanyika. Paige alicheza mamia ya mechi za kuzunguka mijini, nyingine dhidi ya mastaa wa Kizungu. Joe DiMaggio, mpigaji nyota wa ligi kuu aliyewahi kukutana naye katika mechi za namna hiyo, alimtaja kuwa mrushaji bora aliyepata kumkabili. Zote hizo zimeachwa nje. Kilichohesabiwa ni mechi za ligi peke yake.

Tena tuwe wakweli kuhusu Cobb. Kwenye ligi yake hakuwahi kusimama mbele ya mrushaji Mweusi hata mmoja. Ubaguzi ulipunguza ushindani wa pande zote mbili, ila upande mmoja tu ndio unaodaiwa maelezo.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mkuu uliyesema kuchanganya rekodi ni kufuta alama za dhambi ya ubaguzi, kwamba mjukuu atasoma jedwali moja na kudhani wote walicheza pamoja, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na imenisumbua. Lakini kuwatengea sehemu yao ya pembeni kulishajaribiwa. Mwaka 1971 Paige alipochaguliwa kuingia Jumba la Heshima la besiboli, mpango wa kwanza ulikuwa wamweke sehemu tofauti, ya Weusi. Watu wakaja juu, mpango ukafutwa. Jina la ligi aliyochezea liandikwe wazi kando ya kila msimu, hapo nakubaliana nawe. Kumtenga tena, hapana.

Na wewe uliyeuliza takwimu zinamsaidia nini marehemu, angalia alivyohangaika akiwa hai. Mwaka 1965, na miaka yake 59, Kansas City Athletics walimkalisha kwenye kiti cha bembea uwanjani, pembeni yake muuguzi, ili watu waje kutazama. Akarusha awamu tatu, kati ya tisa za mechi, dhidi ya Boston, na aliyefanikiwa kupiga mpira wake ni mmoja tu, Carl Yastrzemski. Miaka mitatu baadaye akawa anaziomba timu zimwajiri, kwa kuwa alipungukiwa siku 158 za utumishi ili apate pensheni ya ligi kuu. Atlanta Braves ndio waliomsajili, Agosti 1968, akiwa na miaka 62. Miaka yake yote ya Crawfords na Monarchs haikuhesabika hata siku moja.