Mgeni wetu Mjerumani anasema kashiba halafu namkuta kwenye chipsi mayai, mama kanuna

BintiNgamiani:
Habari zenu jamani, naombeni ushauri kwa waliowahi kukaa na mgeni mwanafunzi au wao wenyewe waliokaa kwa watu huko nje. Sisi tupo Tanga hapa Ngamiani na tangu mwezi uliopita tuna mgeni, binti wa miaka 21 katokea Leipzig, chuoni kwao anasoma Kiswahili sasa kaja miezi mitatu akae na familia aongee na watu. Mtoto mwenyewe hana makuu kabisa, shikamoo anaitoa mpaka kwa mdogo wangu wa darasa la nne (hilo tumemrekebisha), maji ya ndoo anaoga, luku ikiisha usiku anawasha tochi ya simu anaendelea na daftari lake.

Tatizo chakula. Mama kamtengea meza sebuleni, kitambaa cha maua, sahani zile za kabatini ambazo sisi watoto wake wa kuzaa hatujawahi kuzilia, kijiko, glasi ya juisi ya ukwaju. Juzi kampikia wali wa nazi na changu wa kupaka, yaani nyumba nzima inanukia. Kala vijiko kama vitano, "asante sana mama, nimeshiba", kaenda kuosha sahani yake bombani (hiyo nayo mama haipendi, anaona kama anasutwa kwamba nyumba haina watu), kaingia chumbani kafunga mlango. Saa mbili usiku natumwa dawa ya mbu dukani, namkuta kwa kijana wa chipsi pale kona, kakaa kwenye benchi katikati ya watu wa bodaboda, chipsi mayai na kachumbari, anachoma kwa kijiti na kucheka juu!

Nikarudi nikamwambia mama, na hapo ndo nilipokosea. Mama akasema miaka thelathini anaitwa kupika kwenye shughuli za watu leo anashindwa na viazi. Tangu siku hiyo chakula anatenga ila maneno hakuna, na mgeni kashaona, jana kaniuliza "mama anaumwa?" nikakosa jibu. Nimwambie ukweli au ninyamaze tu miezi iishe?

Kijiti_Kimoja:
Si mnapewa hela ya chakula chake? Akila kidogo faida yenu, mbona mnajitafutia presha 😂

BintiNgamiani:
Ungemjua mama yangu usingeandika hivyo.

BiMkubwaDunda:
Mwanangu pole, na mpe mama pole pia maana hilo linauma, msimcheke. Mimi niko Bagamoyo, hapa tumezoea wageni, wanakuja kujifunza ngoma chuo cha sanaa (siku hizi TaSUBa, sisi wa zamani bado tunasema chuo cha sanaa) na nimeshakaa nao wengi, wengine wanapiga ngoma kwenye meza yangu mpaka vikombe vinahama. Nilichojifunza ni hiki, mgeni anayeoshewa, anayepikiwa, anayefuliwa, hajui akae wapi ndani ya nyumba. Kila akigusa kitu anaambiwa acha mwanangu pumzika. Sasa atapumzika miezi mitatu? Wahenga walisema siku ya tatu mpe jembe, mie nampa mbuzi. Yupo mmoja siku ya kwanza nilimwambia njoo ukalie mbuzi, kanitolea macho, kasogea mlangoni, kumbe kwenye kitabu chake mbuzi ni yule wa meee tu. Nilipomletea na kifuu cha nazi alicheka mpaka machozi, na kuanzia hapo kukuna nazi ikawa kazi yake, akikuta mtu mwingine kaikalia ananuna. Mtu akikuna nazi ya mchuzi huo mchuzi ataula, atakimbilia wapi.

Mgosi_wa_Baridi:
Dada mimi nakujibu kutokea upande wa pili. Mtoto wa Tanga, Makorora, nilikaa na familia Eckernförde huko kaskazini mwa Ujerumani wakati nasoma lugha Kiel kabla ya kuanza chuo. Wazee watakuwa wanaujua huo mji, ni rafiki wa Tanga tangu 1963. Mji wa baharini, wana visamaki vyao vidogo vya moshi, ukiviona unasema hawa dagaa, na wenyewe wana kinyongo kwamba dunia nzima inaviita vya Kiel wakati asili yake ni kwao. Tulielewana hapohapo, kinyongo cha samaki nakijua.

Sasa sikia njaa yangu. Jioni ya kwanza mezani kuna mkate mweusi, jibini, matango, siagi. Mimi nikajua hivyo ni vya kutangulizia, nikala kipande kimoja nasubiri chakula. Mama mwenye nyumba akauliza unaongeza? Nikasema hapana asante, si unajua adabu zetu, ya kwanza unakataa, ya pili unakataa kidogo, ya tatu unapokea. Bwana wee, hakukuwa na ya pili. Kasema sawa, katoa vitu mezani, kafunga friji. Chakula cha usiku ndo kilikuwa kile! Huko mchana ndo wanapika, jioni mkate baridi. Nililala naangalia dari. Wiki nzima nakataa mara moja nalala na njaa, mpaka nikaja kujua kwamba kwao hapana ni hapana, na mama wa watu kila siku anajiuliza huyu kijana wa Kiafrika mbona hali, labda hapendi mkate wetu. Unaona hapo? Na yeye alikuwa na unyonge wake kama mama yako, na mimi nilikuwa na kebabu yangu ya kujificha pale stesheni.

Mlango kufungwa usitie moyoni, kwao mlango unafungwa hata kama mnapendana. Sahani kuosha ndo adabu yao, asingeosha angejiona mwizi. Ila nina swali moja tu: hapo mezani anakaa na nani?

BintiNgamiani:
Peke yake. Sisi tunakula uani mkekani, sinia moja, mama hataki mgeni akae chini.

Mgosi_wa_Baridi:
Basi jibu unalo. Kule kwenye benchi kuna watu.

BintiNgamiani:
Umenichoma. Tena pale sebuleni tv tunamwashia ili asiboreke 🙈 yaani mtoto wa watu kaja kujifunza Kiswahili tunamkalisha na taarifa ya habari.

Kijiti_Kimoja:
Nafuta kauli yangu ya juu. Ila pilipili mnaweka kiasi gani?

BiMkubwaDunda:
Pilipili ya kupaka ikae pembeni ajichotee mwenyewe. Na mama asiambiwe amekosea, wala mambo ya chipsi usiyarudie. Mwambie tu mgeni kaomba kula na nyie. Uongo mdogo wa kheri.

BintiNgamiani:
Nimerudi, zimepita siku nane. Sikudanganya, maana nilimuuliza mwenyewe tukiwa tunaanua nguo, unapenda kula sebuleni? Akafikiri, akatafuta maneno, akasema "ninapenda chakula, siyapendi meza." Ngeli kaichapa vibaya lakini ujumbe umefika. Nikampelekea mama hivyohivyo.

Mama alibisha kwanza, kwamba watu watasema mgeni wa Halima kalishwa chini, baba akamuuliza watu gani wanaokuja kuchungulia uani kwetu. Ijumaa tukamkaribisha mkekani. Kukunja miguu ikawa kazi, kaikunja, kainyoosha, mwisho kakaa upande kama mtu anapanda baiskeli ya mizigo. Wali unamponyoka kabla ya kufika mdomoni, watoto wanacheka, mama akawafokea halafu akamshika mkono na kumwonyesha, bonyeza kwa vidole, usukume kwa dole gumba, usijaze kiganja. Mama alikuwa hajamgusa tangu aje. Kala mpaka upande wake wa sinia ukabaki mweupe, na mama akimchambulia samaki na kumsogezea minofu, kila akisema nimeshiba mama anaongeza, nikaona ana hatari ya kupasuka ikabidi nimfundishe kusema "alhamdulillah" na kunyanyuka kabisa, kukaa na kusema nimeshiba haisaidii nyumba hii.

Mbuzi bado, anaogopa kujikata, leo kakuna nusu kifuu.

Chipsi hajaacha lakini. Jana jioni kaaga anatoka, mimi roho juu, namwangalia mama. Mama akafungua pindo la khanga, akatoa elfu mbili, akamwambia na mimi niletee, mwambie yule kijana mayai yaive vizuri na kachumbari asiweke nyingi.

Mgosi_wa_Baridi:
😂😂 Mpe shikamoo yangu mama. Na huyo binti mwambie benchi la kona namfahamu mwenye nyumba yake, alikuwa ananikopesha mihogo.