Kumpeleka mjukuu baharini kwa siku moja kutoka Morogoro: twende ufukwe gani, na siku gani?

Bibi wa Kihonda aliuliza:

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni bibi wa miaka 64, nakaa Kihonda, Morogoro, nami nina mjukuu wa miaka 6 ambaye hajawahi kuiona bahari. Tangu alipoambiwa shuleni kwamba maji ya bahari yana chumvi, hanipi nafasi ya kupumua. Kila tukipita karibu na Bwawa la Mindu huniuliza kama bahari inalizidi kwa ukubwa, na jibu langu haliamini.

Zamani safari ya namna hii ilitaka kulala Dar es Salaam kwa ndugu, lakini tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024 naona inawezekana kuondoka alfajiri na kurudi jioni ya siku hiyo hiyo. Tutakuwa watatu: mimi, binti yangu ambaye ndiye mama wa mtoto, na mtoto mwenyewe. Binti yangu anajua kuogelea kidogo, mimi sijui kabisa, na goti langu la kulia haliniruhusu kutembea mwendo mrefu mchangani.

Kinachonitia wasiwasi ni maneno ya jirani yangu, ambaye mwaka jana aliwapeleka wanawe na kukuta maji yamekwenda mbali, pamebaki mawe na majani ya baharini, wakakaa saa tatu wakiitazama bahari kwa mbali kisha wakarudi zao. Naomba wenye uzoefu mnieleze: ni ufukwe gani unaomfaa mtoto mdogo na mtu mzima mwenye goti bovu, na je, kuna namna ya kujua mapema kwamba tutayakuta maji?

Mkazi wa Mjimwema alijibu:

Shikamoo Bibi. Mimi ningekushauri uje huku kwetu Kigamboni, na sababu yangu ya kwanza si ufukwe bali ni kivuko. Kutoka stesheni ya treni hadi Feri hapo Magogoni si mbali, mnachukua bajaji, kisha mnavuka kwa pantoni. Safari yenyewe majini ni ya dakika chache, ila kwa mtoto wa miaka 6 zile dakika chache huwa ni jambo kubwa kuliko hata ufukwe: ataona meli zikiingia bandarini, mitumbwi ya wavuvi na magari yakipanda pantoni pamoja na watu. Mkichoka jioni mnaweza kurudi kwa gari kupitia Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa mwaka 2016, ili goti lisipate shida ya kupanda na kushuka katikati ya msongamano.

Ukishavuka, bajaji itawafikisha Mjimwema. Fukwe nyingi za huku zina mchanga mwingi na mawe machache, na zile zilizo chini ya hoteli au migahawa hutoza kiingilio, lakini kwa kiingilio hicho mnapata kivuli, kiti, choo na maji ya kujisuuzia. Kwa hali yako, Bibi, usione uchungu kukilipa. Coco Beach, ule ufukwe wa Oysterbay upande wa mjini, ni pazuri kwa mihogo, mishikaki na kupunga upepo jioni, ila pana miamba na mawimbi, na siku za mwisho wa wiki watu ni wengi mno kiasi kwamba mtoto anaweza kukupotea ukigeuka tu.

Mvuvi Mstaafu, Msasani, alijibu:

Bibi, salamu. Kijana wa Mjimwema amekujibu vizuri kuhusu mahali, lakini swali lako zito ni lile la pili. Jirani yako hakukosea ufukwe, alikosea siku.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na kitu. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, ndiyo maana anayeenda Jumamosi hii na anayeenda Jumamosi ijayo hawaikuti bahari ileile. Sisi tuliozaliwa pwani tunausoma mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, na siku moja mbili zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa Dar es Salaam tofauti ya kina huweza kupita mita 3. Katika siku hizo maji hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi au saa kumi na moja jioni. Ukishuka kwenye treni asubuhi ya bamvua na kwenda moja kwa moja ufukweni, utayakuta yale yale aliyoyakuta jirani yako.

Mwezi unapokuwa nusu, karibu na tarehe 8 na tarehe 22 au 23, ni maji mafu. Hapo bahari haiendi mbali wala haiji kwa kishindo, na kujaa kwake huangukia kwenye saa nne au saa tano asubuhi, saa ambayo ninyi mtakuwa mnafika. Kwa mtoto mdogo na bibi asiyeogelea, mimi ningechagua siku ya maji mafu bila kufikiri mara mbili. Mtayakuta maji karibu, yataondoka polepole kadiri mchana unavyosogea, na saa nane mtoto atabaki na mchanga mbichi wa kuchimba na kaa wa kukimbizana nao.

Sisemi bamvua haifai kabisa. Ukitaka kumwonesha viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, na vijisamaki vilivyonaswa kwenye vidimbwi vya miamba, hakuna siku bora kuliko hiyo, lakini sharti muwe na mwenyeji. Maji ya bamvua yanaporudi huanza kwa kujaza vijito vilivyo nyuma yako, upande wa nchi kavu, wakati wewe umesimama kwenye fungu la mchanga ukidhani bado bahari iko mbali. Nimewahi kuwabeba wageni watu wazima mgongoni kwa sababu hiyo, nao wakicheka hadi maji yalipowafika kiunoni.

Jambo lingine ni ile mipira ya magari inayokodishwa kwa watoto. Usimkodishie. Umande, yaani upepo wa asubuhi utokao bara, huusukuma mpira kuelekea nje taratibu, na aliye juu yake hajui kwamba anakwenda.

Mama wa Kunduchi alijibu:

Shikamoo Bibi, na shikamoo Mzee. Naongeza machache kutokana na watoto wangu watatu waliokulia hapa. Mvalishe raba zinazofunga mguu, si kandambili, kwa sababu kandambili huchukuliwa na wimbi la kwanza, na kwenye mawe kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu ambayo hukatikia nyayoni. Mfundishe kuburuta miguu anapotembea majini badala ya kuinyanyua, maana taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hulala chini ya mchanga na akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe. Akiguswa na yavuyavu, yule kiumbe laini wa majini anayewasha, msuuze kwa maji ya bahari, usisugue kwa mchanga.

Jua la saa sita hadi saa tisa ni adui kuliko vyote hivyo. Mtoto akiwa majini hasikii joto, mnakuja kugundua usiku kwamba mabega yameungua. Shati jepesi la mikono mirefu linatosha, na maji ya kunywa chukueni mengi kuliko mnavyodhani.

Kama mngekuwa na muda ningewaalika upande wetu, ambako boti huenda Kisiwa cha Mbudya. Maji yake ni safi, na kisiwa kimehifadhiwa tangu mwaka 1975.

Mvuvi Mstaafu, Msasani, alijibu:

Mama wa Kunduchi, Mbudya ni pazuri, lakini si kwa safari hii. Kupanda zile boti mara nyingi ni kuingia majini hadi magotini kisha kujivuta juu ya ubavu wa chombo, na goti la Bibi umeshalisikia. Tena ukiwa kisiwani saa yako ya kurudi inashikwa na nahodha, huku treni haimsubiri mtu. Watakaokwenda siku nyingine, wasimpandishe mtoto kabla hajavishwa boya linalomtosha yeye. La mtu mzima humvuka kichwani.

Bibi wa Kihonda alijibu, wiki tatu baadaye:

Marahaba wanangu, na Mzee wa Msasani nakushukuru kwa namna ya pekee. Tulihesabu mwezi, tukapata Jumamosi ya maji mafu, tukakata tiketi mapema kwa sababu za mwisho wa wiki huisha haraka. Mtoto alilipiwa nusu nauli.

Kwenye pantoni alininyamazia, kisha akasema kwa masikitiko kwamba bahari ni ndogo, kwa kuwa ng'ambo inaonekana kama inavyoonekana pale Mindu. Nilimwacha na hesabu yake. Tulipofika Mjimwema maji yalikuwa juu kama Mzee alivyosema, na mjukuu wangu alisimama akitafuta ng'ambo huku na huku, akamgeukia mama yake na kumuuliza imeondolewa na nani. Kwa muda wa nusu saa hakukubali kulowa zaidi ya vidole. Baadaye hatukuweza kumtoa, na mama yake alikuwa naye mkono kwa mkono muda wote, hata chakula akala amesimama majini. Mimi nilikaa kivulini nikiwa nimenyoosha goti langu, nikashuka mara moja tu maji yalipoanza kupwa, nikaloweka miguu.

Kosa letu lilikuwa kubeba nguo moja tu ya kubadili, nayo aliilowesha saa nane alipomfuata kaa. Alirudi Morogoro akiwa amevikwa kanga yangu, amelala, na binti yangu amepakata mfuko wa nguo zinazochuruzika maji hadi tuliposhuka.