Hilux LN106 nimeinyanyua, sasa inatetemeka ikiondoka. Ni balansi ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) kweli?

tope_la_kibosho:
Wakuu habari zenu. Nina Hilux LN106 double cabin, injini 3L, ile ya springi za majani mbele na nyuma. Inashusha ndizi kutoka Kibosho kuja Moshi mjini na masika barabara za huko juu mnazijua, difu la mbele lilikua linalima tope katikati ya njia ndo nikaamua kuinyanyua. Mbele fundi kaongeza majani na vile vyuma vinavyoning'iniza springi kaweka virefu, nyuma kaweka bloku za inchi 2 kati ya springi na ekseli. Sasa ukiachia klachi gia ya kwanza inatetemeka mgongoni kabisa, ikishashika mwendo inatulia, alafu ikifika 70 hivi kuna mvumo chini ya siti. Na stelingi imekua nyepesi, ukikata kona hairudi yenyewe, juzi naenda Arusha kila lori likinipita natafuta njia upya. Alaimenti wameniambia iko poa. Fundi anasema nikabalansi propela. Nitoe hela?

chalii_wa_sakina:
Usitoe hata mia bado. Balansi mbovu inaonekana spidi ikipanda, haiwezi kukutetemesha gari ikianza tu kusogea. Hiyo ya kuondoka ni engo za propela. Double cabin propela ya nyuma ni vipande viwili, katikati kuna senta beringi. Ukiweka bloku ekseli inashuka mbali na chasi, kipande cha nyuma kinainama ila cha mbele kimebaki pale pale, krosi ya katikati (kile kiungo kinachoiruhusu propela kukunjika) ndo inakunjika. Dawa yake ni kuishusha senta beringi kwa vipande vya chuma kati yake na chasi, anza na milimita 10 hivi, endesha, kama imepungua ongeza kidogo kidogo. Ila kabla ya hapo pima. Weka gari sakafu iliyonyooka, matairi chini, sio kwenye jeki, na mzigo wa kawaida unaobebaga, pakua pima maji ya kwenye simu uweke kwenye flenji ya transfa (boksi la gia la 4WD, propela inapoanzia), kwenye vipande vyote viwili vya propela na kwenye flenji ya pinioni (mdomo wa difu, propela inapoishia). Lete namba hapa.

MamaGereji:
Fundi alipofungua propela aliweka alama ya rangi kabla ya kuchomoa pale inapoteleza? Wengi hawaweki, wanairudisha imeruka meno, masikio ya krosi za ncha mbili za kipande kimoja hayako tena kwenye mstari. Krosi ikiwa na engo inazungusha kwa kuharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko, ile ya upande wa pili kazi yake ni kufuta hiyo kasoro, zikipishana hazifutiani, zinajumlishana. Lala chini uangalie kwa macho, bure hiyo.

ndinga_kali:
Uza nunua Land Cruiser 79 😂

tope_la_kibosho:
@ndinga_kali nikuuzie ndizi ngapi mzee 😅
Nimeangalia masikio yako sawa. Namba: flenji ya transfa inainama nyuma digrii 3, kipande cha mbele kama 4, cha nyuma 9, pinioni imeangalia juu digrii 8. Alafu nimegundua bloku zenyewe sio bapa, upande mmoja mnene.

chalii_wa_sakina:
Hapo ndo ugonjwa ulipo arifu. Fundi kaelekeza mdomo wa difu juu ili unyooke na propela, kwa macho inapendeza lakini hesabu inakataa. Kipande chako cha nyuma kina krosi mbili, ya katikati ina digrii 5 na ya kwenye pinioni ina 1, hakuna kinachofutiana. Pinioni inatakiwa ilale sambamba na kipande cha mbele, tofauti isizidi digrii 1 hivi. Kunyooka na propela kunafaa tu kama ncha ya juu ina ile krosi ya kuunganisha mbili pamoja. Kwahiyo tafuta bloku bapa, pinioni irudi kwenye 4 au chini yake kidogo maana ukikanyaga mafuta inajiinua yenyewe, ndo ushushe senta beringi. Mvumo ukibaki baada ya hapo sasa nenda kabalansi, Arusha wanaorefusha Land Cruiser za watalii hiyo ndo kazi yao ya kila siku.

MamaGereji:
Stelingi ni kasta, ule mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao tairi la mbele linakatia kona, ndo unaoirudisha stelingi. Vile vyuma virefu kama viko upande wa mbele wa springi vimeilaza ekseli, juu kumekuja mbele. Alaimenti walipima matairi yanavyoangaliana tu, kwenye ekseli nzima hicho ndo kitu pekee wanachoweza kurekebisha, waombe wakupe namba ya kasta. Unairudisha kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli, kwa springi iliyokaa juu ya ekseli upande mnene unakaa nyuma. Za aluminiamu zinapasuka, achana nazo. Kabari hizo zitashusha mdomo wa difu la mbele na propela ya mbele itakua na engo mbaya, mi nasema iache. Hab (vile vifungio vya magurudumu ya mbele) zikiwa wazi na uko 2WD hiyo propela haizunguki, na ukifunga unakua kwenye tope mwendo wa konokono. Mbele chagua stelingi, nyuma chagua pinioni.

tope_la_kibosho:
Dah hii fundi hakuniambia. Mbele naye alitaka tuongeze bloku nikamkatalia kwa sababu ya hela.

MamaGereji:
Bloku mbele kwenye springi za majani HAPANA, ukipiga breki ekseli inapindisha springi na bloku inaweza kuchomoka. Na angalia kile kivalvu cha breki cha nyuma chenye fimbo inayoenda kwenye ekseli. Umenyanyua bodi, kinadhani gari ni tupu, kinapunguza breki za nyuma wakati umejaza ndizi unashuka. Inua kishikio cha fimbo kwa kiasi kile kile ekseli ilichoshuka. Hozi za breki nazo zisivutike stelingi ikikata mwisho.

tope_la_kibosho:
Yubolti za zamani, zile zinazobana springi kwenye ekseli, zitafaa au?

chalii_wa_sakina:
Mpya. Zilishavutika hizo. Na ukishabeba mzigo safari ya kwanza zikaze tena, senta bolti, ile inayopita katikati ya majani ya springi, pia iwe ndefu ya kutosha kushika kabari.