Mjadala: Chama cha maafisa afya mazingira kiseme hadharani, au kiishie kwenye usajili na mafunzo?

Wadau, tulijadili hili bila kuogopana. Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba kazi ya chama cha kitaaluma ni usajili, maadili na mafunzo basi. Mto ukichafuliwa ni shauri la serikali, na chama kikipaza sauti kimeingia kwenye siasa. Sikubaliani nao hata kidogo.

Chukulia bwana afya amefika kwenye bomba la mtaa. Anatumbukiza kidonge cha kupimia kwenye kichupa cha maji, anatikisa. Maji yakigeuka rangi ya waridi, klorini, dawa ya kuua vijidudu, ipo. Yakibaki vile vile, watu wanakunywa maji yasiyo na kinga. Anaandika ripoti, anampelekea bosi, na pengine bosi huyo ndiye msimamizi wa mradi wenyewe wa maji. Akiambiwa aikalie, atafanya nini peke yake, na ana watoto wa kulisha?

Haya yameshatokea. Minamata, Japani, mwaka 1959, Hajime Hosokawa, daktari wa kiwanda cha kemikali, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda hicho. Paka akaugua vile vile walivyougua wavuvi wa hapo. Uongozi ukamzuia kuendelea, matokeo yakafichwa. Serikali ilikuja kutamka rasmi kwamba chanzo cha ugonjwa huo ni zebaki ya kiwanda tarehe 26 Septemba 1968. Miaka tisa! Kila nikiikumbuka inaniuma, kwa sababu jibu lilikuwapo, na aliyekuwa nalo hakuwa na wa kumshika mkono. Na tarehe hiyo hiyo, 26 Septemba, ndiyo Siku ya Afya Mazingira Duniani.

Hoja moja ya wapinzani naipokea: chama kikitangaza vipimo visivyohakikiwa kitazua taharuki, na kikikosea mara moja hakitaaminika tena. Kweli. Basi sampuli irudiwe kwenye maabara nyingine, mwajiri apewe siku chache za kurekebisha, akinyamaza matokeo yatangazwe kwa jina la chama, si la mtu. Na mwanachama akifukuzwa, ada zetu zimlipie wakili. Mafunzo nayathamini, lakini unamfundisha mtu kupima ili iweje kama akishapima hana pa kusemea?

Mnaopinga, nijibuni hilo moja: mwenye kile kichupa kilichogoma kugeuka rangi, akishakataliwa na bosi, aende wapi?