Tupeane uzoefu: uliwahi kupanga safari ya pwani au visiwani bila kuuliza upepo?

Ndugu wanajamvi, shikamooni wakubwa, na kwa wengine salamu za heshima.

Nimepewa jukumu la kupanga safari ya ukoo wetu kutoka Morogoro hadi Kisiwa cha Mafia, alikozaliwa marehemu babu. Tutakuwa watu 19, miongoni mwao bibi yetu mwenye umri wa miaka 81 na watoto wanne ambao hawajawahi kuvuka bahari. Hii ni mara ya pili kupanga safari hii. Mara ya kwanza, miaka sita iliyopita, niliiharibu mwenyewe: nilichagua wiki ya mwisho ya Aprili kwa kuwa sikukuu ya Muungano na Mei Mosi zilikuwa zimekaribiana, nikaona siku za mapumziko zimekaa vizuri kwenye kalenda, na sikumuuliza mtu yeyote habari za mvua wala za upepo.

Tulikwama siku mbili Nyamisati, bandari ya bara ya kuvukia kwenda Mafia. Kutoka Bungu tulikochepuka, gari lilikuwa limesukumwa mara tatu kwenye tope, na tulipofika tukaambiwa kuwa vyombo vimezuiwa kuondoka kwa sababu bahari imechafuka. Bibi alikaa juu ya begi la nguo chini ya turubai, amekumbatia birika la kahawa alilokuwa akimpelekea wifi yake, huku mvua ikiipiga turubai kwa nguvu kiasi kwamba tulilazimika kupaza sauti ili tusikilizane. Siku ya tatu tuligeuza. Wifi yake alifariki kabla hatujajaribu tena, na lile birika bado liko kabatini Morogoro, halijawahi kutiwa maji.

Kwa hiyo nawaomba wenye uzoefu waeleze waliyoyapitia wao wenyewe: mlisafiri mwezi gani, mlikwenda upande gani wa pwani yetu, na bahari au barabara iliwapokea vipi. Tafadhali msiniambie tu kwamba wakati mzuri ni kiangazi, maana hilo nimeshaambiwa na kila mtu, na halinisaidii kuchagua siku.

Nahodha mstaafu, Kilindoni, Mafia

Mwanangu, pole kwa msiba wa wifi wa bibi yako, maana dada wa babu kwetu huku ni mtu wa kuliliwa na ukoo mzima.

Kosa lako halikuwa mvua peke yake. Mwishoni mwa Aprili kaskazi, upepo utokao kaskazini, imekwisha kuondoka na kusi, upepo utokao kusini, ndiyo inaingia, na katikati yake kuna siku ambazo sisi huziita tangambili, upepo unapogeukageuka, ukavuma asubuhi kutoka huku na alasiri kutoka kule. Ukiongeza mawingu ya masika, nahodha mwenye akili hawezi kukuahidi saa ya kuondoka. Kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyowaleta wazee wetu wa majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili, hukaza Juni hadi Agosti, kisha hulegea Septemba na Oktoba, wakati tunaouita demani. Mimi nimevuka mkondo huu kwa zaidi ya miaka thelathini, na nikiambiwa nimvushe mama yangu mzazi nitachagua demani, au ile kaskazi changa ya Desemba kabla haijapata nguvu.

Lakini ukishapata mwezi, bado hujapata siku. Nyamisati ni bandari ya ndani ya mikoko, na chombo hutoka maji yakijaa. Bamvua inapopiga, yaani maji makubwa ya wakati mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, hivyo utampakia bibi gizani au umfikishe usiku. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50, kwa hiyo siku nne baada ya mwezi mpevu maji yatajaa asubuhi, saa moja au saa mbili, jua limeshatoka na upepo haujashika. Hesabu hiyo niliwafundisha mabaharia wangu wote kabla hata hawajagusa usukani, na wewe ifanye kwanza kabla ya kukata tiketi.

Ukija kati ya Oktoba na Machi, watoto wataonyeshwa na papa potwe hapa mbele ya Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko ngalawa, lakini chakula chake ni vidagaa na vijidudu vya majini tu.

Dereva wa basi, njia ya kusini

Niongeze jambo la barabara, kwa sababu ndugu wengi hupanga safari ya bahari wakasahau kwamba ili kufika baharini ni lazima kwanza wapite nchi kavu.

Mwanzoni mwa Mei 2024 nilikuwa natoka Mtwara na abiria 52 wakati Kimbunga Hidaya kilipokuja. Tulikuwa tumezoea kudhani kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, na kwamba vikifika kwetu vinakuwa vimeshachoka. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na kwetu barabara ilikatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Nilisimama kwenye ukingo wa lami iliyomeguka kama mkate, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita palipokuwa na karavati, na nyuma yangu mama mmoja alikuwa anauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu mwenye maji safi ya kumkorogea mtoto uji. Tangu siku hiyo, kuanzia Machi hadi katikati ya Mei huwa nabeba madumu matatu ya maji ya kunywa, na kila jioni nasoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakiandika angalizo naendelea kwa uangalifu, wakiandika tahadhari nawapigia simu madereva walio mbele yangu, na ikiwa tahadhari kubwa gari haliondoki.

Jambo jingine ni kwamba kusini hakufuati masika na vuli kama Tanga, Dar es Salaam na visiwani. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo anayetoka Mafia mwezi wa Januari akitaka kuendelea hadi Kilwa Kisiwani au Mikindani asishangae kukuta mvua, ingawa ameacha jua kali Dar es Salaam.

Mkulima wa mwani, Jambiani

Assalaam alaykum. Mimi nazungumzia Unguja upande wa mashariki, kwa sababu kila mwaka nawaona wageni wanasimama ufukweni na mataulo mabegani, wamehuzunika, wakitazama bahari iliyorudi nyuma mpaka kwenye mwamba.

Bahari haijaharibika, imekupwa tu. Siku za bamvua hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na hizo ndizo siku zetu za kazi, tunaposhuka na kamba na vigingi kufunga mwani. Anayetaka kutembea mpaka mwambani, akaona nyota za bahari na ukijani wa mwani ulivyo, aje siku hizo, avae viatu kwa sababu ya viumbe wa baharini wenye miiba, na aanze kurudi mara tu aonapo maji yameanza kupanda, kwani hurudi haraka kuliko mgeni anavyodhani. Anayetaka kuogelea asubuhi aje siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maana wakati huo asubuhi maji yapo na hayaendi mbali.

Dada yangu wa Dar es Salaam alimleta mumewe hapa Julai kwa ajili ya kuogelea. Kusi ilikuwa imekaza, upande wetu unaupokea uso kwa uso, na siku zote nne mawimbi hayakutulia. Siku ya tano nikawapeleka Nungwi, ncha ya kaskazini, wakaogelea kwa raha. Kisiwa ni kimoja, lakini kina mgongo na kifua.

Wazee wetu wa hapa na Makunduchi walihesabu miongo, siku kumi kumi kuanzia Siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wetu wa jadi, na kwa hesabu hiyo walijua lini pa kulima na lini pa kusafiri. Mimi nazijua chache tu, na nasikitika kwamba sikumuuliza marehemu baba zilizobaki.

Mwanajamvi, Maskati

Kusi hiyo hiyo inayowasumbua Jambiani ndiyo inayotupa sisi neema. Ikivuka ikweta hugeuza mwelekeo, ikapiga milima ya Dhofar, na Salalah ikawa kijani yenye ukungu na manyunyu kuanzia takriban tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba, wakati sehemu nyingine za Omani zinaungua. Mbele zaidi hufika Kerala, kwa kawaida karibu na tarehe 1 Juni, na huko huwa mvua kubwa. Nalitaja hilo kwa sababu wapo ndugu zetu wanaokwenda India kwa matibabu. Mimi nilimpeleka mama Mumbai mwezi wa Julai, na tulipoteza miadi miwili ya daktari kwa sababu barabara zilijaa maji. Kama daktari anaruhusu kusubiri, Mumbai nendeni kuanzia Novemba. Ila Chennai ni kinyume chake, kwani mvua zao kubwa ni za Oktoba hadi Desemba.

Mwalimu, Dodoma

Kwa heshima zote, natofautiana kidogo. Mimi na mke wangu tulikaa Mji Mkongwe siku saba za mwisho wa Aprili. Chumba tulikipata kwa nusu ya bei ya Agosti, mvua ilinyesha alfajiri na jioni, na katikati tulitembea kwenye vichochoro vilivyopoa bila msongamano. Masika si adui wa kila safari. Ni adui wa anayetegemea boti ndogo, barabara ya udongo, au fukwe.

Mleta mada

Nawashukuru kutoka moyoni. Mwalimu, maelezo yako yamenisaidia kuelewa kwa nini kaka yangu, ambaye hulala mjini tu, kila mara hunishangaa.

Demani ingependeza, lakini watoto wako shuleni, na shule zinafungwa Juni na Desemba. Juni nimeifuta, kwa sababu ya kusi. Nimechagua Desemba. Nimetafuta mwezi mpevu, nikahesabu siku nne mbele kama alivyoelekeza nahodha, na hiyo ndiyo siku ya kuvuka. Tutaondoka Morogoro siku mbili kabla, tulale Kibiti, na kwenye bajeti nimeongeza siku mbili za akiba upande wa kurudi, ambazo kaka anaziita hasara na mimi nimekataa kuzitoa. Bibi ameshaarifiwa, na jana alilitoa birika kabatini akalisugua kwa majivu. Sasa atampelekea binti wa wifi yake.

Nahodha, limebaki moja, na ndilo linaloninyima usingizi. Bibi ana goti bovu la kulia na hawezi kupanda ngazi yenye vipandio vya mbali. Tukifika Kilindoni maji yakiwa yameanza kupwa, anashukaje?