Re: Mtihani wa alama za barabarani, kwa tuliojifunza kuendesha Kongo

> Kaka, jambo. Nimeendesha gari Bukavu miaka mingi, sasa natafuta paamiti (leseni ya udereva) ya Uganda. Nikariri alama zote za kitabuni, au kuna njia nyingine?

Dada, jambo sana, pamoja na wengine mnaosoma.

Usianze kwa kukariri. Anza na umbo na rangi, maana ukizijua hizo, hata alama ambayo hujawahi kuiona itakupa nusu ya maana yake. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inatahadharisha: mbele kuna kona, tuta au watoto wa shule. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Duara la buluu linaamuru, huna hiari. Ya kusimama ina pembe nane, na ya kupisha ni pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini. Hizi mbili zimepewa maumbo yao peke yao ili dereva azitambue hata zikiwa zimejaa vumbi au akiziona kwa nyuma.

Hayo hayatakusumbua. Kazi iko kwenye upande. Kongo, Rwanda na Burundi tunashika kulia. Uganda, kama Kenya na Tanzania, wanashika kushoto. Ukishavuka mpaka wa Mpondwe au Bunagana, mazoea yote ya macho lazima yahame. Chukua mfano wa mzunguko wa Kibuye, hapa Kampala. Kwetu aliye ndani ya mzunguko anakujia kutoka kushoto. Hapa magari yanazunguka kufuata mshale wa saa, na wa kumpisha yuko kulia kwako. Kuovateki ni kwa kulia. Kukata kushoto ni rahisi. Kukata kulia ndiko unakovuka njia ya magari yanayokuja. Mtihani ukikuchorea makutano yenye magari matatu na kuuliza nani atangulie, aliyekariri picha tu atajibu kama yuko Bukavu.

Kwa hiyo chora mwenyewe. Karatasi moja, barabara nne, vifuniko vya soda viwe ndiyo magari. Visukume kwa kidole huku ukisema kwa sauti nani anampisha nani. Rudia kila jioni mpaka kidole kiache kukimbilia kulia.

Mengine ni mafupi. Mjini usizidi kasi iliyoandikwa kwenye alama. Mstari mweupe usiokatika hauvukwi. Ikiwa ni miwili sambamba, mmoja umekatika na mwingine haukatiki, utii ule wa upande wako. Askari wa trafiki mwenye sare nyeupe akisimama katikati ya makutano, mkono wake unashinda taa, na Kampala utaliona hilo kila siku.

Akitokea mtu wa kukuahidi paamiti bila mtihani, mkatalie kabisa. Barabara zimejaa bodaboda zilizobeba mama na watoto, nawe utapita katikati yao.

Tukipatikana watatu au wanne, Jumamosi asubuhi tusimame pembeni pale Kibuye tutazame magari yanavyoingia. Nani yuko tayari?

Kaka yenu, Makindye

---

Mimi nipo, kaka. Naongeza jambo kwa wazazi waliofika karibuni: watoto wetu wamezoea kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka. Hapa gari la kwanza kukufikia linatoka kulia. Mimi wangu nawashika mkono, tunatazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, hata kwenye zebra. Tafadhali anzeni leo, msingoje wafungue shule.

Mama wa Nsambya